Sikio la Kushoto

Bwana Haverkamp, leo ni mara ya sita,
na mara ya sita umeniwekea kiti palepale,
unazungumza na sikio langu la kushoto,
lile lililobaki barabarani
siku lori lililotutangulia lilipoinuka
kama mtu aliyeitwa jina.

Ofisi yako ina joto la kuchosha. Nje, Lowell imeganda,
mifereji ya viwanda vya nguo imeziba kwa barafu,
nami nimepanda mabasi mawili na ngazi kumi na tisa
kwa goti ambalo kwenye karatasi zako ni zima.
Zima, ndiyo. Uliandika la kulia.
Nilikunja suruali hadi pajani,
ukaliona kovu, ukatikisa kichwa kwa huruma,
ukaandika la kulia.

Sisemi u mtu mbaya.
Kwenye picha ile ukutani una nywele, una bunduki,
unacheka na wenzako watatu juu ya magunia ya mchanga.
Vita vyako vilitangulia vyangu.
Nikajiambia, huyu hatahitaji kuelezwa.
Waliniambia nisitafute wakili, yupo mwakilishi,
hatozi hata senti.
Kweli hukunitoza.
Rahisi huvunja upishi, na mimi nilikuwa na njaa.

Machi ulisema, "Tumeshapeleka nia."
Nia, kwenu, ni ukurasa mmoja na sahihi,
huishi mwaka, kisha hufa.
Nilifurahi, nikakushika mkono kwa mikono yote miwili.
Kwetu nia hukaa moyoni;
sikujua inaweza kulala kwenye droo,
chini ya mkebe wa biskuti,
mpaka theluji irudi.
Leo midomo yako inasema, nami naokota vipande:
muda... nia yako... imekwisha.

Nia yangu, bwana?
Ni nini basi kilichonipandisha zile ngazi?

Barua ya sikio ndiyo iliyowahi kufika.
Asilimia kumi.
Wakesho aliisoma akiwa amesimama, koti bado mwilini,
akaisoma tena, akacheka kile kicheko
cha mtu aliyemwaga maziwa ya mwisho.
"Mghanga," akasema, "mwili umeutoa wewe.
Hawa wanakurudishia fungu la kumi."
Usiku sikulala. Lile sikio halisikii,
lakini halinyamazi: linalia firimbi moja,
ndefu, kama birika lisilo na wa kuliepua.
Hilo nalo ulipaswa kuliandika.
Ulisema hakuna nafasi kwenye fomu.

Sasa nikuambie kilichotokea hapo nje, kwenye viti vya plastiki.
Kuna mama, Darlene Pouliot, alikuwa nesi wa jeshi,
mikono yake hutetemeka hata ikikumbatia kikombe.
Aliniuliza saa, sikumjibu.
Akaniuliza tena. Halafu, bila neno,
akachukua mkoba wake, akahamia upande wa kulia.
Dakika moja ilimtosha.
Wewe umekuwa nami tangu Machi.
Ndiye aliyenifundisha: omba nakala ya kila kitu,
omba muhuri, omba tarehe,
na jalada ni lako, mwanangu, si lake.
Aliniandikia hayo nyuma ya bahasha,
herufi zikiyumba, kubwa kama za mtoto.
Bahasha hii hapa.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.
Sawa, hilo tumelizika.
Lakini ninalo jingine.

Kwa hiyo nimesimama, unaona,
ninakiburuta kiti changu kuizunguka meza yako,
na sauti ya miguu yake sakafuni
naisikia vizuri sana.
Usiangalie saa.
Toa fomu mpya, toa kalamu.
Tuanze na goti.

Lipi?