Vikombe Sita

Vikombe vya kahawa vya marehemu babu yake,
sita, kimoja kina ufa mdomoni,
nilivipanga duara juu ya sinia
darini kwetu Mkomani, jua halijawa kali.
Vitatu nikavitia maji. Vitatu vikabaki vitupu.

Famau ndiye mwenye chupa za rangi,
zilizosalia kwenye biskuti za Idi.
Alihesabu matone kwa sauti, kama anayedai deni:
nyekundu tano, manjano tano,
buluu saba, maana mkono ulitetema.

Kisha karatasi ya shashi tukaikunja tepe,
mguu mmoja kwenye kikombe kilichojaa,
mguu wa pili kwenye kitupu.
"Sasa?"
Sasa tungoje.
"Mpaka lini?"
Mpaka maji yatembee.

Akanitazama kama amtazamavyo muuza samaki
anayeapa kwamba changu huyu kavuliwa leo.
"Maji, Mama, hushuka tu."

Sikubishana. Nilimshika mkono
nikamteremsha hadi kwenye ukuta wa matumbawe,
ule tunaoupaka chokaa kila mwaka
na kila mwaka unyevu ukaupanda tena,
magotini, kiunoni,
hadi kwenye kidaka alichokuwa Bibi akiweka kandili.
Weka kiganja. Baridi?
Basi nani aliyeyapandisha maji haya?

Hakujibu. Alikwea ngazi mbiombio,
na sauti yake ikanikuta katikati:
"Ndoo! Ndoo uone!"

Nyekundu ilikuwa imevuka mgongo wa karatasi
ikidondoka upande wa pili, tone,
kisha, baada ya muda mrefu, tone,
na manjano ikija kuilaki.
Ndani ya kikombe kisichokuwa na kitu, chungwa.
Kando yake, jani bichi.
Kando ya jani, zambarau,
nzito kidogo, kwa yale matone mawili yaliyozidi.
Hakuna aliyekoroga. Hata upepo haukugusa.

Nilidhani tumemaliza.
Nilipokwenda kupalia wali,
alivimimina vyote sita kwenye bakuli moja
akakoroga kwa kidole.
Nilirudi na karipio mdomoni.

"Imeharibika," alisema, akaniwahi.
"Hii rangi gani? Haina tunda. Haina jani."
Akakitoa kidole, akakigeuza,
akaulaza mkono wake kando ya bakuli,
akauvuta na wangu, akaulaza kando ya wake.

"Maji ya kunde," akasema taratibu,
kama aliyeokota kitu chake
ambacho hakujua kimepotea.

Wali uliungua.