Gundi

Wamesema Alhamisi tufungue.
Barua ya manispaa ina muhuri na mistari kumi na miwili,
hakuna hata mmoja unaosema gundi inatolewaje.

Utepe niliubandika mwenyewe, wa njano:
kiti hiki kaa, kiti hiki usikae,
siku zile tulipodhani ni mambo ya wiki tatu.
Kisha Tomé nzima ikafungwa,
utepe ukabaki gizani ukiwalinda watu wasiokuwepo.

Sasa nina ndoo, siki, na kisu cha siagi.
Yerko, kijana wa mashine, alichomwa jana;
mkono wa kushoto ameukunja kama ameuazima,
anakwangua kwa wa kulia na kulalamika kwa yote miwili.
Mimi nilichomwa mwezi wa tatu, ukumbi wa mpira wa kikapu,
chini ya goli lisilo na wavu.
Muuguzi nilimjua kwa nyusi: Macarena, binti wa muuza mkaa.
"Vuta pumzi," akasema,
nami nikaduwaa,
maana mwaka mzima pumzi ya mtu ilikuwa kitu cha kukimbia.

Safu ya F, kiti cha saba.
Hapa utepe umegoma.
Hapa alikaa don Eleuterio, mfumaji,
aliyeyaacha masikio yake kiwanda cha sufu.
Kila Alhamisi, picha yoyote,
alilala tangu majina ya mwanzo,
akaamka taa zikiwaka, akaniambia mlangoni,
"Ya leo imenigusa."
Tulimzika watu wanne, dakika tisa, mlinzi akitazama saa.
Navuta. Utepe unatoka na manyoya ya mahameli,
kiti kinabaki na upara.
Yerko anauliza, tukibadilishe na cha nyuma?
Namwambia, safu ya G bado.

Usiku Rosalba akapiga simu. Dada yangu, tumbo moja,
aliyekataa sindano kwa sababu saba
ambazo kila ukizihesabu zinakuwa nane.
"Alhamisi nakuja. Niwekee cha pembeni."
Mstari wa nne: bila cheti, haingii mtu.
Nikamsomea. Akanyamaza.
Nikasikia birika lake likichemka, halafu halichemki.
Mimi niliajiriwa kuchana tiketi, Rosalba,
sikuajiriwa kuchana undugu.
Lakini hilo nililisema simu imeshakatika.

Alhamisi, watu kumi na mmoja.
Wameingia kama waliokuja msibani
wasiojua waweke wapi mikono.
Utepe haupo, nimetoka jasho kuutoa,
nao wakakaa: mtu, pengo, mtu, pengo.
Mume na mke wa duka la dawa, wanaolala kitanda kimoja,
wakaacha kiti katikati, wakakilaza makoti.
Kiti cha saba hakuna aliyekisogelea,
labda kwa ajili ya upara tu.

Picha yenyewe ya zamani, ya kuchekesha, nyepesi.
Nilisimama nyuma nikinuka siki
nilipoliona koti jekundu uchochoroni, ndani ya ukungu,
kama nguo iliyosahauliwa kambani.
Hakunitazama. Sikumwita.

Mstari wa tisa: mlango wa pembeni uachwe wazi, hewa ipite.
Nikauacha wazi.
Nikaufungua kuliko barua ilivyotaka,
nikauegemeza na ndoo.

Na ukumbi ulipocheka, mara ya kwanza, nyuma ya barakoa,
kicheko kigumu, kama mguu unaojaribu kiatu cha mwaka juzi,
kikafuata kingine kutoka nje,
kimechelewa kidogo,
cha mtu asiyeiona picha,
anayecheka kwa kuwa wenzake wamecheka.