Maili ya Arobaini na Mbili

Jumatatu walikata utepe. Mkasi ulikuwa butu,
Daktari Theriault akaung'ata utepe ule mara tatu,
watu wakacheka, mvuke ukiwatoka vinywani,
maana hata mwezi wa nne, huku mpakani,
theluji bado imelala kwenye mitaro
kama mgeni asiyejua kuaga.

Mimi nilisimama nyuma, karibu na mlango wa dobi.
Miaka thelathini na mmoja nafua shuka za hospitali hii.
Nayajua madoa yake: supu, dawa ya kahawia,
damu ya pua, damu ya msumeno msimu wa mbao.
Damu ya uzazi niliisahau.
Walipofunga wodi ya wazazi
(idadi haitoshi, ilisema barua, gharama haziruhusu)
nikabaki na shuka za wazee tu.

Tangu hapo mwanamke akishikwa na uchungu
alishikwa na barabara pia:
maili tisini kwenda kusini,
misonobari kulia, misonobari kushoto,
na simu isiyoshika chochote.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Februari.
Gari dogo lilikataa kuwaka, tukapanda lori la viazi.
Normand alisoma vibao vya maili kwa sauti,
kwa Kifaransa cha mama yake, kama rozari:
thelathini na nane,
thelathini na tisa.
Kwenye arobaini na mbili nikamwambia, Simama.
Akasema, Bado kidogo tu.
Nikamwambia, Normand, mtoto hajui kusoma vibao.

Dereva wa greda la theluji ndiye aliyetushikia taa.
Elzéar, mseja, mikono ikimtetemeka kuliko yangu.
Binti yetu tulimfunga katika gunia jipya la viazi,
limepigwa chapa: Daraja la Kwanza.
Aliishi. Nasema mapema, usikae roho juu.
Ghislaine huyo, fundi umeme,
nyaya za jengo jipya amezivuta yeye,
na swichi ya chumba namba mbili
ameiweka chini kidogo, mkono wa aliyelala uifikie.

Mtoto wa dada yangu hakuishi.
Wao walifika maili ya sitini.

Basi tukachanga. Miaka saba ya kuchanga:
keki za tufaha, mablanketi ya viraka,
kopo la sarafu kwenye kituo cha mafuta
lililoibwa mara mbili, na mara moja likarudishwa
likiwa zito zaidi.
Sasa kuna vyumba vitatu vya kujifungulia,
mashine ya kupiga picha matiti
(imekuja na kitabu kinene kuliko Biblia,
Bi Ouellette alisema ni baridi kama mikono ya mkwewe),
kuna mkunga kijana kutoka kusini, anayeogopa paa,
na daktari wa sisi tunaoungua usiku bila homa.
Kuna pia chumba kimoja kidogo, mwisho wa korido,
hakina namba, kina kiti na taa hafifu.
Kila mtu alikipita haraka siku ile.
Dada yangu aliingia, akakaa. Tulimngoja nje.

Kila mchangaji alipewa tofali la jina lake ukutani.
Karani aliniuliza, Tuandikeje, Odile?
Nikasema, andika 42. La dada yangu, 60.
Akangoja, kalamu hewani.
Ndiyo hayo tu?
Ndiyo hayo tu. Barabara itaelewa.

Jumatano usiku, saa tisa kasoro,
mfuko ukaanguka kutoka juu kwenye bomba la nguo.
Niliufungua nikijua, kwa harufu, kabla ya macho.
Nikaishika shuka ile muda mrefu
kuliko kazi inavyoruhusu.
Juu, kupitia dari, kitu kililia, kikanyamaza, kikalia tena.
Wengine wangefungua bomba la moto.
Damu hii hutaka maji baridi kwanza,
baridi kabisa, na chumvi kiganjani.
Kumbe mikono haikusahau.