Mianzi Kumi na Minne

Machi, jua la Basha halijaota meno,
tulitoboa barafu kwa mvuke, mimi na Ghulam Nasiri,
tukasimika mianzi kumi na minne
kutoka ukingo huu hadi ule,
kila mwanzi na kitambaa chekundu
kilichokatwa kwenye shuka aliyofia Baba.
Mama ndiye aliyetupa.
Nguo haina kosa, alisema.

Wasioijua huapa kwamba barafu imelala.
Hailali. Inasota,
kama mtoto asiyetaka kutawazwa.
Machi ile ilisota vidole vinne kwa siku,
ikijikunja kwa uzito wake yenyewe,
tumbo limegandamana na mwamba.
Nikaandika: vidole vinne. Nasiri akacheka,
wakubwa wa chuo wanataka sentimita.
Nikafuta. Nikaandika: saba.

Nyumbani Mama naye alikuwa saba.
Anakanda shayiri, hanyanyui uso,
chai ya chumvi inampoa mgeni mkononi.

Kisha Mei.
Theluji ya juu ikalegea,
maji yakachungulia nyufa, yakadumbukia,
yakafika chini kabisa, gizani,
barafu inapokaa juu ya jiwe,
yakakuta hakuna njia.
Maji yasiyo na njia hunyanyua.
Mto mzima wa barafu ukanyanyuka unene wa kucha
ukateleza.
Usiku, hemani, tulisikia mlio
kama mlango wa ghala unaovunjwa na mwenye ghala.
Mwanzi wa saba: thelathini na nne.
Kwa siku moja! Kitambaa cha Baba
kinashuka bondeni, nami nimekikodolea macho.

Wiki hiyo niliteremka kufuata betri,
nikamkuta Mama analia, mara ya kwanza tangu tuzike.
Alikuwa amemfukuza shangazi Hajira,
amevunja birika,
amemuuza zo wetu, yule chotara wa yaki, kwa nusu bei,
anahamia Skardu, kesho, leo, sasa hivi.
Nilishika nguzo ya mlango.

Nikapiga hesabu za shule:
ikiwa maji haya kidogo yameleta mbio hizi,
Agosti je, jua likichoma hadi mawe yapasuke?
Nikamwambia Nasiri tuhamishe hema.
Akafunga kamba ya kiatu. Hakujibu.

Agosti ikaja, maji, maji,
vijito vya samawati vinakimbia mgongoni mwa barafu,
vinamezwa mashimoni kwa ngurumo,
na kule mdomoni yanatoka ya kijivu, mazito,
yanaviringisha mawe makubwa kama zizi.
Nikapima mwanzi wa saba. Nikapima tena.
Kumi na moja.

Nasiri, mdomo umejaa aprikoti:
"Yamepata handaki.
Miezi miwili yanasugua huko chini hadi yakapata.
Maji yenye pa kupita hayamsukumi mtu."

Hilo sikuliandika. Daftari halina safu yake.

Jioni nikamkuta Mama juu ya paa.
Analia, mengi kuliko ya Mei,
yanafuata mikunjo ya mashavu, yanadondoka kidevuni,
na mikono haisimami:
pasua, toa kokwa, laza, pasua.
"Yule zo," akasema, "tutamkomboa ukilipwa."
Nikakaa. Nikatafuta kisu cha pili.

Oktoba tuling'oa mianzi kumi na mitatu.
Wa saba ulikuwa umeanguka ufani na kitambaa chake.
Sasa baridi imerudi, maji yamekauka,
na barafu, kwa uzito wake uleule,
inayabana mahandaki, moja moja,
hadi yasibaki hata ya kupitisha uzi.
Mei maji yatakuja upya
na hayatakuta mlango.

Nimeshamwambia Nasiri atafute mtu mwingine wa Mei.
Mimi nitakuwa nyumbani.
Nimenunua birika la chuma.