Wakia Tatu na Kitu Kidogo

Bwana Mwandoe, mkaguzi wa vipimo,
alivuka kutoka Mokowe na sanduku la mawe mapya ya mizani.
Punda wa Kupi akalibeba hadi Langoni,
mkaguzi akiufuata mkia, viatu mkononi,
kwa kuwa bamvua ilikuwa imepanda njiani.

Dukani kwa baba akasoma waraka:
kuanzia Januari, ratili si halali.
Baba, asiyewahi kuuza tone la haramu,
akayatazama mawe yake ya chuma
kama mtu aliyeambiwa nikaha yake ina kasoro.

"Kilo moja," mkaguzi akasema, "ni ratili mbili,
wakia tatu, na kitu kidogo."
Baraza zima likacheka.
Wakia hatukujua zitakwenda wapi;
kitu kidogo twajua kinakokwenda.

Akaja Bi Somoe kwa sukari yake ya Ijumaa.
Baba akampimia nusu kilo.
Akaiweka kwenye kiganja
kilichopakata watoto tisa.
"Lali, umenizidishia."
"Ndicho kipimo kipya, Bi Somoe."
"Na bei?"
"Bei nayo imezidi."
"Basi hamkubadili mawe. Mumebadili mfuko wangu."

Usiku wakabishana: Mzungu kaondoka,
na ratili zake nazo ziende.
Wengine: ratili ni yetu, tumeirithi.
Famau seremala, mdomo umejaa misumari, akasema,
"Yenu tangu lini? Nyanya yangu aliuza mtama kwa pishi.
Alipoletewa ratili alilia vivi hivi.
Na chumba ulicholala wewe, upana wake ni boriti.
Mkoko ulipokoma, ukuta ukasimama.
Nani alimuuliza mfalme?"
Kibaba kwenyewe kimebaki ndani ya methali tu,
haba na haba, na hakuna mkaguzi
awezaye kukipiga muhuri humo.

Lakini mimi, niseme kweli, nilifurahi.
Nilikuwa darasa la sita.
Hesabu za baba, kumi na sita kwa tatu, thumuni ya inchi,
zilikuwa mlango ambao wavulana tu walipewa ufunguo.
Mwalimu Nyevu alitufunza: kumi, kumi, kumi,
na nukta husogea
kama mtoto aambiwaye ampishe mgeni.

Baba akaniita kwa sauti ya chini, wateja wasisikie:
"Mwanamkuu, mita mbili na robo ya bafta
ni wari ngapi?"
"Mbili na nusu, kasoro vidole viwili."
Akanitazama. Akanisogezea kiti nyuma ya kaunta,
kiti ambacho kaka zangu walikuwa wakikihesabia siku.

Sikuona, au niliona nikanyamaza,
alivyokuwa akiyapapasa magunia kabla ya kuyapima,
akibahatisha kimoyomoyo,
na kukosea,
mtu aliyekuwa hakosei.

Mjukuu wangu asema ziko nchi kubwa
ambazo hadi leo zinabishana, inchi au sentimita,
aniuliza ningewashauri nini.
Wabadili, namwambia. Wasingoje.
Ila wiki ya kwanza wamtazame muuza duka usoni.

Baba alipofariki, mchimba kaburi hakuleta mita.
Alichukua fito, akailaza ubavuni mwake,
akaikata ilipomwishia,
akaenda nayo makaburini
bila kutaja tarakimu.

Mawe ya zamani yalichukuliwa yote kwa gunia,
isipokuwa moja la wakia nne:
mama alilikalia mpaka mkaguzi alipoaga.
Sasa nakandamizia risiti, feni isizipeperushe.
Jana nililiweka kwenye mizani ya umeme.
Lapaswa kuwa gramu mia na kumi na tatu.
Ni mia na kumi na moja.
Mbili zimeliwa na vidole.