Shingo ya Kinga

Ilete hapa mwangani, Mukalay, tuisome.
Magunia manne ya makala nyuma,
na gurudumu la mbele linaelea,
halijui limekanyaga nini.

Wataka niukate usukani, uwe mfupi
kama wa vijana wa Kamalondo wanaopenya kati ya teksi.
Sikati.
Wale wamebeba nini? Simu na kofia.

Shika huku mwishoni. Umeona?
Ni kama spana: mkia ukiwa mrefu, nati haibishi.
Mikono ikikaribiana,
kishimo tu cha barabara
kinakupokonya uamuzi.

Na hii shingo, hiki chuma kinachounga usukani na fremu,
nani alikutilia fupi hivi?
Shingo fupi husikia kila kitu:
ukikohoa, imegeuka.
Ndefu ni kama baba mkwe,
umwambie leo, aitike kesho,
lakini akishaitika hayumbi.

Mimi niliwahi kuikata yangu.
Nilikuwa na haraka ya kuonekana.
Mteremko wa Kafubu, gurudumu likaanza kutetemeka,
kwanza kama kidevu cha mtoto anayezuia kilio,
kisha kinga nzima, kisha mimi.
Wanawake wakayaokota makala yangu.
Wengine walilipa.
Goti hili hadi leo hutangulia mvua kwa siku moja.

Basi. Usukani tuuache.
Tafuta mti wa urefu wa mkono na nusu,
ufunge kwa mpira wa tyubu upande wa kushoto,
utokeze kama ng'ombe mwenye pembe moja.
Maana hutaipanda. Utatembea kando yake usiku kucha,
na kinga ikienda polepole ndipo hutafuta pa kuangukia.
Mkono mmoja kwenye mti, mwingine kwenye mzigo.
Usiukabe mti. Uongoze.

Alfajiri nawasikia mkiingia Katuba,
wa njia ya Kasenga, wa njia ya Kipushi,
minyororo mikavu ikilalamika.
Kinga na kinga ndipo moto uwakapo:
wahenga walisema vijinga vya kuni,
mimi nikifungua dirisha naona magurudumu,
na haipiti saa, moshi wa chai umepanda
juu ya mabati yote.

Mpira ni faranga mia tano.
Hii shingo ndefu ninayokufungia,
ya rafiki yangu Kilufya aliyeacha kusukuma,
utanilipa ukirudi.