Safu ya Kumi na Nne

Lublin, mwezi wa pili. Theluji imekaa dirishani
kama mwanakamati wa sita, asiye na kura.
Sisi tuko watano, chai ya limau kwenye bilauri,
na fomu ya Bogna Wieczerzak inazunguka meza.

Makala: alama arobaini. Sura ya kitabu: ishirini.
Safu ya kumi na nne, tafsiri ya fasihi: sifuri.
Si kwamba wameisahau. Wameiandika, sifuri,
duara kama kinywa cha mtu aliyekatizwa.

"Miaka minne," asema mwenyekiti, "riwaya moja,
tena ya mtu mwingine.
Utafiti wenyewe uko wapi?"

Uko ukurasa wa mia na kumi na mbili.

Mjane wa Kijojia, mwenye kinu cha maji,
amezika mume asubuhi. Jioni, sentensi moja:
Kimya kikavunjika.
Kamusi zote tatu zinasema kimya.
Wahakiki nao wakasema kimya:
mwanamke amepata sauti, minyororo imekatika,
taifa zima limefumbua kinywa kupitia koo lake.
Makala moja hasa ilinukuliwa sana,
ikampandisha cheo aliyeiandika,
ikampa ofisi yenye madirisha mawili.

Bogna hakuridhika. Mbona, aliuliza,
huyu aliyepata sauti
ukurasa unaofuata anaazima unga?

Unga! Nani kati yetu aliuona ule unga?
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
sisi tuliandika tasnifu juu ya rangi ya shuka.

Akatuma barua kumi na moja. Nne zilijibiwa.
Moja ilinijia mimi; bado iko kwenye droo.
Akapanda basi hadi Racha kwa fedha ya likizo yake,
akalala kwa Tsiala, msaga nafaka, meno mawili ya dhahabu,
akamsomea sentensi ile jikoni.
Tsiala akacheka hadi akashika meza.
Akamvuta mkono mpaka kinuni, akamwonyesha
kijiti, urefu wa kiganja,
kinachorukaruka juu ya jiwe linapozunguka
na kulitikisa kapu ili nafaka ishuke,
ta-ta-ta-ta, mchana kutwa, usiku kucha.
Kwa kuwa hakinyamazi, wasagaji wa bonde lile
wamekibandika jina: Kimya.
Kejeli tu, kama lile pande la mtu linaloitwa Kadogo.

Kimya kikavunjika.
Yaani kelele ikakoma.
Yaani jiwe linazunguka bure, nafaka haishuki,
na aliyejua kuchonga kijiti kingine
yuko chini ya udongo tangu asubuhi.
Sentensi ile ile, imegeuzwa ndani nje kama soksi.

Haya yote yamo kwenye kiambatisho chake,
kurasa mbili, ambazo kanuni hazitulazimishi kusoma.
Hayamo kitabuni. Kitabuni hakuweka tanbihi.
Kipolandi hakikuwa na kijiti cha jina hilo,
akakitafuta majira mawili ya baridi,
kwa maseremala, kwa wauza vyuma vya zamani,
kwa shangazi yake mwenye kusahau kila kitu ila matusi.
Mwishowe akapata neno. Silabi mbili.
Miezi kumi na tisa imelala humo ndani
kama mfupa ndani ya mkono:
huuoni, lakini ndio unaonyanyua.

"Kura?" asema mwenyekiti.

Madirisha mawili ni yangu.
Kutoka pale theluji inaonekana vizuri sana.
Wanne wamekwisha kuandika, wanafunga kalamu.
Nje ya mlango Bogna ameketi, koti mapajani,
nasikia kiatu chake kikigusa mguu wa benchi.

Kalamu yangu inagonga fomu, ta-ta-ta-ta,
juu ya safu ya kumi na nne,
inagonga muda mrefu kuliko inavyostahili,
mwenyekiti ananitazama,
inaacha.

Kisha kimya.
Kile cha kamusi.